Mbwa mkubwa anayewarukia mbwa wenzake: tafuta chanzo kabla ya kutafuta fimbo

Wafugaji wanaonitafuta kutoka Ilazo, Kisasa, Miyuji na Nzuguni hapa Dodoma huanza karibu wote kwa maneno yaleyale: "Nyumbani ni mpole, watoto wanamlalia, lakini akimwona mbwa mwenzake hashikiki." Wengi wana Boerboel au Rottweiler, wengine chotara wa hao wawili. Nimepanga maelezo haya kwa dalili wanazozitaja. Chini ya kila dalili utakuta visababishi, kuanzia ninachokikuta mara nyingi hadi cha nadra. Anza na ukaguzi mwepesi, ndipo uingie kwenye mafunzo.

Yako mambo mawili ya kuyaelewa kwanza. La kwanza ni asili ya mbwa hawa. Boerboel alitokana na mbwa wa mashambani Afrika Kusini, ambao kazi yao ilikuwa kulinda mji na mifugo bila kusubiri amri ya mtu. Rottweiler jina lake ni la mji wa Rottweil, Ujerumani, alikokuwa akiswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Kujiamulia mambo wamezaliwa nako. Dume la Boerboel mara nyingi huzidi kilo 60, kwa hiyo mpango wowote unaotegemea nguvu za mikono yako utashindwa siku moja, na siku hiyo kutakuwa na mtoto wa jirani njiani.

La pili ni Dodoma yenyewe. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, viwanja vimejaa kwa kasi. Watu wengi walileta mbwa mkubwa wakati nyumba yao ilikuwa peke yake kati ya vichaka, na mbwa akakua bila kukutana na mbwa mwingine zaidi ya koko anayepita kwa mbali usiku. Leo ukuta wake umepakana na kuta tatu, na nyuma ya kila ukuta kuna mbwa anayebweka. Kwa wengi ninaowaona, mtaa ndio uliobadilika, na mbwa hakuna aliyemfundisha namna ya kuishi katika mtaa mpya.

Dalili: alikuwa anavumilia mbwa wengine, amebadilika ghafla

Naanza na hii kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa, na mafunzo hayaisaidii kitu. Mabadiliko ya siku au wiki chache huwa yanatoka mwilini.

Kisababishi cha kwanza ni maumivu. Mbwa anayeumwa hataki kusogelewa na mbwa mwenzake anayeruka na kucheza. Fanya ukaguzi huu akiwa ametulia, na uache mara moja akikunja uso au kukakamaa:

- Fungua vidole vya miguu kimoja kimoja. Kiangazi chetu kimejaa mbigiri, na mwiba uliozama kati ya vidole hauonekani kwa kupita tu.
- Nusa masikio. Harufu mbaya, weusi ndani au kutikisa kichwa kila mara ni dalili za ugonjwa wa masikio.
- Mtazame akiinuka asubuhi. Mbwa wakubwa hupata matatizo ya nyonga na magoti, na dalili ya kwanza mara nyingi ni kuinuka kwa shida tu.

Kinachofuata ni magonjwa ya kupe. Angalia ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, au mbwa hali vizuri na ana homa, usisubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mara chache tatizo huwa la homoni, na hilo linahitaji kipimo cha damu.

La nadra kuliko yote kwa mbwa aliyechanjwa, lakini ndilo linaloua, ni kichaa cha mbwa. Sauti imebadilika, anatoa mate, anashindwa kumeza, anayumba, anauma vitu ovyo, au mbwa mkali amekuwa mnyenyekevu kwa namna ambayo hujawahi kuiona. Simama hapo hapo. Mfungie alipo, usimguse, na usimfungue kinywa ukidhani amekwamwa na mfupa, maana watu wengi hujiingiza kwenye hatari hivyo. Mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Kichaa kikishaonesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Tafadhali usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Dalili: analishambulia geti kila mbwa akipita

1. Mazoea ya kushinda. Mbwa anapita nje, wako anabweka, yule anaondoka zake. Machoni pa mbwa wako, kubweka kumemfukuza mvamizi. Hili likijirudia kila siku kwa mwaka mzima, limekuwa kazi yake rasmi.
2. Kuchochewa. Hili linaniuma sana, kwa sababu hufanyika mwenye nyumba akiwa kazini. Mlinzi au kijana wa nyumbani anamwambia "kamata!" kila koko akipita, au wanafunzi wanatupa mawe chini ya geti wakirudi shule. Waulize majirani kinachotokea mchana.
3. Kukaa bila kazi. Anafungwa bandani alfajiri, anafunguliwa usiku, na geti ndilo jambo pekee la kusisimua maishani mwake.
4. Jike lililo kwenye joto, yaani lililo tayari kupandwa, mtaani. Joto huja kama mara 2 kwa mwaka na hudumu wiki 3 hivi. Ukali uliopanda kwa wiki chache kisha ukashuka wenyewe unatokana na hilo.

Ukaguzi na matengenezo mepesi: ziba macho yake. Geti la nondo lipigiwe bati hadi juu ya kichwa chake akiwa amesimama, na mwanya wa chini uzibwe kwa ubao au tofali. Hamisha banda kutoka pembeni ya geti kwenda nyuma ya nyumba. Ongea na mlinzi kwa upole lakini kwa uwazi: amri ya kuchochea mbwa imekoma. Kwa nyumba nyingi hatua hizi peke yake hupunguza fujo ndani ya wiki chache.

Kama bado, mfundishe kuliacha geti. Mfunge kamba ndefu ya mita 5 au zaidi kwenye mkanda wa kifuani. Akisikia mbwa kwa mbali, kabla hajakimbia, mwite mara moja kwa sauti ya kawaida na umpe kipande cha maini ya kuchemsha. Fanya hivyo kwanza wakati hakuna kitu nje, hata mara 20 kwa siku kwa vipindi vifupi, mpaka kugeuka kichwa kuwe jambo linalotokea lenyewe. Ukimwita akiwa tayari amelipuka umechelewa. Subiri apoe, jaribio lijalo uanze mapema zaidi.

Onyo: usiingize mkono kumshika shingo akiwa kwenye hasira ya geti. Hata mbwa anayekupenda anaweza kugeuka na kumuuma aliye karibu, bila hata kutambua ni nani.

Kuhusu kuhasi, watu huniuliza kama ndiyo dawa. Husaidia kwa dume linalozurura likitafuta majike na kupigana na madume wenzake kwa ajili hiyo. Haiondoi woga, wala mazoea ya miaka. Kwa mbwa wa mwili mkubwa, zungumza na daktari kuhusu umri, kwa kuwa wengi hushauri mifupa imalize kukua kwanza.

Dalili: ndani mpole, kwenye kamba analipuka

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kumfungia mbwa maisha yake yote. Nakusihi usifike huko kabla hujajaribu yafuatayo.

Kisababishi kikuu ni malezi ya utotoni. Dirisha la mbwa kuzoea viumbe wengine ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Mtoto wa mbwa aliyetolewa kwa mama mapema, akawekwa uani peke yake, hakujifunza lugha ya mbwa. Akikua, anaogopa asichokielewa, na akiwa na kilo 50 woga wake unafanana na ushujaa. Pia ukali huu hujitokeza sana kati ya miezi 18 na miaka 3, mbwa anapokomaa, ndiyo maana unasikia "alikuwa mpole kabisa, sijui kapatwa na nini".

Kinachofuata ni kamba yenyewe. Mnyororo mfupi uliovutwa humnyima mbwa nafasi ya kugeuka na kuondoka, kwa hiyo kinachobaki ni kupigana. Wengine waliwahi kushambuliwa na kundi la koko. Na wako mbwa wanaousoma mkono wako: ukimwona mbwa unaikaza kamba, naye anajifunza kwamba mbwa akitokea kuna hatari.

Ukaguzi mwepesi: badili vifaa. Tumia mkanda wa kifuani wenye pete mbele, pamoja na kola imara, na kamba ya mita 2 iliyofungwa kwenye vyote viwili. Achana na kola yenye meno. Badili saa: toka alfajiri kabla jua halijapanda, hasa Oktoba na Novemba, ambapo lami ya mchana huunguza nyayo. Badili njia: epuka majalala, machinjio, na barabara ya Msalato siku ya mnada, maana koko hukusanyika penye mabaki ya nyama.

Kisha mafunzo. Tafuta umbali ambao mbwa wako anamwona mwenzake na bado anaweza kula. Mimi huuita umbali wa kula. Kwa mbwa mwenye shida kubwa unaweza kuwa mita 50 au zaidi, na Dodoma ina bahati ya viwanja vya wazi pembezoni, kuelekea Iyumbu na Ntyuka, unakoweza kuona mbwa kutoka mbali. Kazi ni hii tu: amemwona mbwa, unampa nyama, mbwa ametoweka, nyama imekwisha. Usimwamuru kukaa, usimkemee. Unachojenga ni hisia mpya, kwamba kuonekana kwa mbwa mwingine kunaleta kitu kizuri.

Angalia mwili wake muda wote. Mdomo uliofungwa ghafla, macho yasiyopepesa, mwili uliokakamaa na uzito uliohamia mbele vinakuja kabla ya kubweka. Ukiviona, geuka naye mwondoke kwa hatua za kawaida. Akikataa nyama aliyokuwa akiipenda, mko karibu mno. Vipindi vya dakika 10 au 15 vinatosha. Punguza umbali kwa mita chache tu, pale ambapo kwa siku kadhaa mfululizo amekuwa akikugeukia mwenyewe akimwona mbwa. Ni kazi ya miezi. Wiki nyingine atarudi nyuma, na hilo ni kawaida. Ongeza umbali uendelee.

Koko wakija mbio kuelekea kwenu, usikimbie. Inama kama unayeokota jiwe. Koko wengi wa mitaani hapa hurudi nyuma kwa ishara hiyo peke yake. Ukiwa na dagaa mfukoni, watupie mbele yao, kisha ondokeni wakiwa wanaokota.

Kwa mbwa aliyewahi kujeruhi, mvalishe kikapu cha mdomoni kila anapotoka. Kiwe kipana kiasi cha kumwezesha kufungua kinywa, kuhema na kunywa maji. Kitambaa kinachobana mdomo kwenye joto letu kinaweza kumuua. Mzoeshe taratibu kwa kuweka maini ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe, siku nyingi kabla ya kukifunga.

Onyo: kama amewahi kukuangusha au kukuponyoka, acha matembezi ya barabarani mpaka upate mtu mwenye uzoefu wa kukusaidia ana kwa ana.

Dalili: anauma bila onyo

Mara nyingi onyo lilikuwepo, likapigwa hadi likafa. Mbwa alinguruma, akachapwa. Akaonesha meno, akachapwa. Amejifunza kwamba kutoa taarifa kunaleta maumivu, kwa hiyo anaruka hatua hizo na kuuma moja kwa moja. Ndugu mfugaji, mngurumo ni msaada kwako. Mbwa akinguruma, mwondoe kwenye hali hiyo kwanza, kisha jiulize kilichomsumbua. Kupiga mbwa mwenye woga mbele ya mbwa mwingine kunamthibitishia kwamba mbwa wengine huleta balaa. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kisababishi cha pili ni sisi kutosoma ishara ndogo: kulamba midomo, kugeuza kichwa, kuganda kwa sekunde moja. Rottweiler aliyekatwa mkia ana ishara pungufu, na mbwa wenzake pia hupata shida kumsoma.

Kama kweli hakuna ishara yoyote, au anauma kisha anaonekana kama hajui kilichotokea, hilo ni la daktari.

Dalili: wawili wa nyumba moja wameanza kupigana

Chakula ndicho chanzo cha kwanza, pamoja na mifupa, mlango na mtu wanayemgombania. Kinachofuata ni mmoja kufikia utu uzima, hasa wakiwa wa jinsia moja, na ndugu wa uzao mmoja walionunuliwa pamoja wamo humo. Halafu kuna joto, mimba na kunyonyesha. Mwisho ni mmoja kuzeeka au kuugua, mwenzake akauona udhaifu.

Walishe kila mmoja nyuma ya mlango wake, na vyombo viondolewe kabla hawajaonana. Okota mifupa yote uani. Weka maji sehemu mbili. Usiwafungulie wote kwa pamoja unaporudi kazini, kwa kuwa furaha ya kukupokea huwasha ugomvi mwingi. Kisha watembeze sambamba, kila mmoja na mtu wake, mita kadhaa kati yao, mpaka waweze kutembea bila kutazamana.

Majike mawili yaliyokwisha kujeruhiana vibaya ni suala jingine. Nimeona familia zikilazimisha upatanisho mpaka mmoja akafa. Wakifikia hatua ya kutafutana, waishi kwa zamu, milango miwili kati yao, au mmoja apate nyumba nyingine.

Dalili: anafukuza mbwa wadogo na mbuzi, kimya kimya

Hapa hakuna hasira. Ni uwindaji, na mafunzo ya nyama hayautoshi. Makundi ya mbuzi hupita mitaa ya pembezoni kila siku. Asitoke bila kamba, uzio ukaguliwe, basi.

Wakiwa wameshikana tayari

Usiweke mkono karibu na vinywa wala kwenye kola. Mwaga ndoo ya maji usoni, tupa blanketi zito juu yao, au sukuma kipande cha plaiwudi katikati. Vitu hivi viwe tayari karibu na geti kwa nyumba yenye mbwa wawili. Wakiachana, wafungie mbali kabla ya kuangalia vidonda. Mbwa akiwa amekaza taya asivutwe, maana kuvuta kunachana nyama. Watoto waingie ndani kwanza.

Tundu la jino huwa dogo juu na refu ndani. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Usimwage oili chafu wala unga wa betri. Usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala Panadol. Dawa hizi za binadamu zinaweza kumuharibia tumbo, figo au ini. Jeraha la kifua, tumbo au shingo, au mbwa mdogo aliyetikiswa na mkubwa, aende kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anatembea. Mengine yachunguze kila siku, kwa kuwa uvimbe wa usaha hujitokeza baada ya siku 2 au 3. Kama aliyepigana naye ni koko asiyejulikana, mwambie daktari ili aamue kuhusu kurudia chanjo ya kichaa.

Lini uache kujaribu mwenyewe

Amemuuma mtu. Kuna mtoto mdogo nyumbani na mapigano yanatokea ndani. Majeraha yanazidi kuwa mabaya kila mara. Au wewe mwenyewe umeanza kumwogopa. Mojawapo linatosha. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza. Kwa uchunguzi mkubwa zaidi ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nenda na kadi ya chanjo, video fupi, na daftari uliloandika kila tukio: saa, mahali, mbwa gani alikuwepo, na kilichotokea dakika moja kabla. Hiyo dakika moja humsaidia daktari kuliko maelezo mengine yote.

Wako mbwa ambao hata baada ya yote watabaki wa kuishi peke yao. Kwao, geti mbili zisizofunguliwa kwa pamoja, kikapu cha mdomoni na matembezi ya alfajiri ni maisha yanayokubalika kabisa. Ukilazimika kumtoa, usimkabidhi kwa mtu wa kijijini kimya kimya kwa sababu tu anahitaji mlinzi. Mweleze alichofanya, kwa nani, mara ngapi, mpe kadi ya chanjo na kikapu chake, na kama ana mbwa wengine au mbuzi wasio na zizi, mtafutie mtu mwingine.